Acha Wazi

Fundi Mbeleje aliileta Ipagala kwa bajaji,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
akaichomeka, akapuliza vumbi, akaniuliza:
"Mama Nyemo, tuweke nywila gani?"
Nikamwambia acha wazi.
Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa
alale na mlango umeegeshwa msimu wa wezi wa kuku.
"Hata tarakimu nne? Hata mwaka wa kuzaliwa?"
Acha wazi, baba. Chumba chetu cha kulala kina pazia tu,
na miaka kumi na tisa hajaingia mtu bila kubisha.

Basi ikakaa sebuleni, chini ya kitambaa
nilichofuma kwa uzi wa rangi ya maziwa,
na kila mwenye kidole akawa mwenyeji.
Mimi naandika kreti za zabibu:
Hombolo kumi na mbili, Mpunguzi nane,
na deni la yule wa kiwandani anayesema "Ijumaa"
bila kutaja ni Ijumaa ya mwezi gani.
Mume wangu Chilewa anacheza karata na mashine,
anashindwa, anailaumu.
Jirani Ndahani alikuja kuandika barua ya kazi,
akasahau kuifunga; tukajua umri wake wa kweli,
tukanyamaza nao mpaka leo.

Bibi Sechelela akija toka Mvumi
huvua kandambili kwanza,
husogea mbele ya kioo cheusi
na kukiamkia kwa Kigogo: Mbukwenyi!
Kwa wingi, maana hajui humo ndani wamo wangapi.

Usiku mmoja wa Julai, upepo unatikisa mabati,
natafuta hesabu za Machi,
nikaona faili jipya, la tatu kutoka juu,
kwa herufi ndogo tupu:
mama usifungue

Mshale ulisimama pale. Kidole changu nacho.
Huyu nilimzaa. Nilimnyoa nywele za kwanza.
Homa yake niliijua kabla yeye hajaijua.
Na sasa kuna kitu chenye uzito wa
(nilitazama) kilobaiti kumi na nne,
chepesi kuliko punje moja ya zabibu,
na mimi sijakaribishwa.
Kubonyeza mara mbili tu.
Hakuna kufuli, hakuna mlinzi, hakuna hata mbwa.

Nilikaa mpaka luku ikaanza kulia.
Kumbe lile kufuli nililomkatalia fundi
nilitakiwa kulishika mwenyewe,
kwa mkono mtupu, na ni zito.

Nikafungua ukurasa mweupe, sikuandika neno,
nikauhifadhi chini ya wake, nikaupa jina:
hodi

Siku ya kwanza, kimya. Alikunywa uji, akaenda shule,
akarudi, akaosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida.
Siku ya pili umeme ulikatika mtaa mzima;
madeni nikayaandika daftarini, kalamu inavuja.
Ya tatu nilimkuta Chilewa kwenye karata zake.
Nikamwambia sogea kidogo, nikachungulia.

Lake lipo. Langu lipo.
Na chini ya langu, limejibana pembeni,
faili jingine, nalo halina kitu ndani ila jina:
subiri kidogo mama navaa

Nikamrudishia Chilewa kiti.
"Umeona nini?" akauliza.
Nikasema, hesabu.
Zabibu za Agosti bado kali, hazijaanza hata kubadilika rangi.
Nimesimama nje ya pazia.